Chumba cha Nyuma, Buguruni

Kibwana hunijia Ijumaa,
mgongo kama gunia lililoshonwa vibaya.
Amebeba viazi vya Kariakoo tangu alfajiri.
Hasemi. Hulala kifudifudi, huguna,
hulipa elfu tano yenye udongo.

Yule wa benki hulalamikia shingo.
Simu yake hutetema juu ya stuli,
na kila ikitetema,
msuli chini ya kidole changu nao huitika.

Lakini Bi Chausiku,
mara ya nne hii, kila mara na kiungo kipya:
bega, kiuno, juzi kifundo cha mguu.
Nimepapasa. Hakuna fundo.
Mifupa imekaa sawa.

Jana umeme ulikatika, feni ikanyamaza,
mafuta ya nazi yakanukia karafuu gizani.
Nikamuuliza, "Leo wapi, bibi?"
Akafikiri sana.
"Popote," akasema. "Tangu Shamte azikwe
hakuna anayenigusa,
ila mwenye duka akinirudishia chenji."

Nikaweka kiganja katikati ya mgongo wake.
Sikukanda.
Nje, jenereta la jirani likaanza kukohoa.

Pesa nilipokea.
Ningeikataa, asingerudi.