Rangi ya Jiwe la Mizani

Baba alikuwa mpimaji wa kahawa pale Budadiri,
katika ghala la mabati chini ya mlima Masaba.
Jiwe lake la chuma, kilo tano,
alilifuta kila asubuhi kwa kitambaa
kama mtu afutaye uso wa mtoto,
na kila Jumamosi Kuu, wenzake wakinunua sukari,
alilipaka rangi nyeusi, mkono mmoja mwembamba,
lisiingie kutu.
"Kutu ni mwizi asiye na haraka," alisema.

Hata waliogombana naye kwa mipaka ya shamba
walileta magunia yao kwake,
wakaupa mkono wa mizani kisogo, wakapiga soga.
Mkulima akikupa kisogo kahawa yake ikipimwa,
amekuheshimu kuliko salamu.

Mwaka wa kumi na tisa akaja Nabuduwa,
mjane wa Mafabi, mwenye miche mia na hamsini.
Hakupiga kelele.
"Wandeba, kahawa yangu ikija kwako inakonda,
ikienda Mbale inanenepa.
Nimekuja unionyeshe hiyo barabara."

Watu wakacheka. Baba hakucheka.
Alilifunga jiwe kwenye leso ya mama,
akalipeleka Mbale kwa mkaguzi wa vipimo,
akarudi usiku, mvua imemnyea hadi soksi,
akaketi jikoni, akaomba kisu.

Mimi nilishika taa. Nilikuwa na miaka kumi na miwili.
Rangi juu ya rangi, Pasaka juu ya Pasaka,
magamba meusi yakadondoka kwenye kisahani cha chai,
mpaka chini kabisa kikatokea chuma
ambacho sikuwahi kukiona:
kijivu, kikavu, hakina cha kujivunia.

Gramu arobaini.
Uzito wa yai dogo.
Yai moja kwa kila kilo tano,
zidisha kwa magunia, zidisha kwa misimu.

"Hukujua," mama akasema. "Mungu anaona moyo."
"Mungu anaona moyo," baba akajibu.
"Nabuduwa anaona gunia."

Hakuomba msamaha kwanza. Aliomba daftari.

Ile ziada ilikwenda kwa chama, si mfukoni mwake.
Chama kilimwandikia barua yenye muhuri:
yaliyopita si ndwele, usijisumbue.
Akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia, mahali sikumbuki,
akauza ng'ombe wetu, yule mwenye pembe moja,
na tukaanza kuzunguka, mimi nikisoma majina,
yeye akihesabu noti.

Mmoja alizikataa, akalia.
Mmoja alizihesabu mara mbili, na ilikuwa haki yake.
Kwa Magombe tulikuta kaburi na mjukuu;
mjukuu akapokea, akauliza ni mahari ya nani.
Na mmoja, jina lake nalihifadhi, akasema,
"Kama hili lilikuwepo, kuna nini kingine?"
Baba hakuwa na jibu.
Aliketi kizingitini pa mtu yule
hadi swali likapoa.

Maziwa tulinunua kwa jirani mwaka mzima.
Nilimchukia Nabuduwa, niseme kweli,
kila nilipokunywa chai ya rangi.

Leo napima maneno tu.
Walionifunza ushairi nao huita mizani,
nami najua jinsi sentensi inavyopakwa,
mkono mmoja mwembamba kila mwaka, kwa nia njema,
mpaka inakuwa nzito kuliko ukweli wake.
Zamani nilidhani imani ni lile jiwe,
unaliweka upande mmoja na dunia upande wa pili.
Siku hizi naiona zaidi katika ile leso ya mama,
mtu amebeba kipimo chake mwenyewe
kwenda kukipima.

Jumamosi Kuu iliyofuata hakununua rangi.
Mama akamkumbusha kutu.
"Ije," akasema, akichukua kitambaa.
"Hiyo angalau nitaiona."