Mbuzi na Gunia

Nimesimama kwenye kaunta ya Nyamweya, soko la Kibuye,
mfukoni elfu kumi na nne, na mia mbili za nauli
nilizoapa sitazigusa.
Juu ya kioo ameniwekea viwili:
sintesaiza ya vitufe ishirini na vitano,
na kibao cheusi, bapa, cha upana wa kiganja,
hakina kitufe, hakina uzi,
ni uso tu, kama maji ya mtungi
kabla kata haijazama.

“Hii ya vitufe,” anasema, “ni shamba lililokwisha pandwa.
Bonyeza, vuna.”
Nikabonyeza.
Zikatoka fidla arobaini,
zikatoka kengele za kanisa la nchi ya theluji,
ikatoka kwaya ya watu wasio na majina
wakivuta “aaa” bila kupumua,
hata mmoja hakukohoa.
Kila kitu kilikuwa chini ya kidole changu
na sikuwa na la kusema.

“Na hiki?”
Nyamweya akakuna shingo.
“Hicho chenyewe hakina kitu. Hicho ni cha kula na kutema.
Unakilisha sauti, unakipapasa, kinaigeuza.
Wateja hunirudishia. Wanasema ni kibovu,
wamekigusa, wamengoja, kimewanyamazia.”

Tukachomeka maikrofoni. Nikavaa hedifoni
yenye sponji sikio moja tu.
Nje, mafundi wa sufuria walikuwa kazini,
nyundo kwa bati, nyundo kwa bati,
kelele niliyoizoea miaka kumi hadi nikawa kiziwi nayo.
Nikatelezesha kidole kulia: nyundo ikalowa.
Nikakipandisha: nyundo ndani ya tangi,
tangi ndani ya pango.
Nikakishusha pembeni: bati likapukuchuka
punje punje, kama gunzi mkononi mwa mwenye njaa,
na yule fundi asiyenijua,
wa fulana ya kampeni za mwaka juzi,
akawa mpiga ngoma wangu
wala sijamlipa.

Nikaanza kuhesabu nilivyo navyo:
mlango wa bafu la ploti yetu, unaolia kwa Kijaluo;
omena ikimwagwa kwenye debe;
mashine ya kusaga ya Makokha inapokohoa kabla ya kushika;
magugumaji yakijisugua kwenye mawe ya Dunga
usiku ambao hakuna mtu.
Mimi ni tajiri, kumbe.

Nikamwomba apunguze kwa Kiswahili,
nikamsihi kwa Kijaluo,
akanikatalia kwa Kikisii.
Elfu kumi na tatu mia nane. Adapta hakuna. Boksi hakuna.
Maikrofoni, ya Nyamweya, nimeazimwa hadi Jumatatu.
Betri nne, mia mbili.
Basi, nauli ikaenda.

Njiani kwa miguu, jua la saa tisa utosini,
moyo ukaanza kesi.
Kinanda kingenipatia harusi za Mamboleo,
Jumamosi kwa Jumamosi, bahasha na pilau.
Nani ataita bwana wa kibao aje kumchezea
bibi harusi mlio wa mlango?
Nyamweya hakuniuzia mbuzi ndani ya gunia.
Ameniuzia gunia,
mbuzi nitafute mwenyewe.

Nyalenda, stima imepotea tangu asubuhi.
Nereah anachambua mboga, haniangalii.
“Umenunua nini?”
“Hiki.”
“Kinaliaje?”
“Hakilii. Mpaka mtu aseme kitu.”
Nikatia betri, nikaweka spika ndogo juu ya mtungi,
nikamsogezea maikrofoni mdomoni,
kidole changu tayari juu ya ule weusi.
“Sema. Neno lolote.”
Akanitazama sasa, kwa muda,
mkononi jani la mrenda.

“Kodi,” akasema.

Nami, Mungu anisamehe, nikateleza,
na chumba chetu cha mabati kikajaa,
kodi
kodi odi
odi odi
kama mgeni mwenye adabu
anayebisha kutoka mbali sana
na hataki kuondoka.