Si Mchezo

Bwana Lachlan Dunnet alikuja na fomu,
buti zake bado zinang'aa kwa upya,
akasimama mlangoni mwa banda
kama aliyeingia matangani bila kujua nani kafa.
"Kamati imenituma," akasema.
"Tunataka kujua kama kunyoa kondoo ni mchezo."

Huia Paraone hakuinua kichwa.
Alikuwa na kondoo wa mia mbili na kumi na moja magotini,
amefika shingoni, pale ngozi inapojikunja
na mashine haina msamaha.
"Si mchezo," akajibu.

Dunnet akaandika: Si mchezo.

Tukacheka banda zima, mpaka mbwa wakabweka.
Mkono wake ukafuta, ukaandika tena, ukasita.

Akaanza kusoma visanduku vyake.
Kuna jasho?
Tulimwonesha sakafu.
Kuna kanuni?
Usikate chuchu. Usipite mahali pamoja mara mbili.
Anayekwaruza ngozi hukatwa alama kwenye maonesho,
na hapa hukatwa na macho ya mwenye kondoo.
Kuna mpinzani?
Hapo Huia akanyoosha mgongo, akatazama kizimba
kilichojaa mpaka langoni, akasema,
"Kesho."

Mwaka juzi muuguzi alimfunga mkanda kifuani
asikilize moyo. Ulikwenda mbio za masafa marefu
toka saa kumi na moja alfajiri hadi saa kumi na moja jioni,
ila mkimbiaji hufika kwenye utepe,
akafunikwa bendera, akalia mbele ya kamera.
Huia hufika Jumanne.

Nami nina la kwangu, ingawa sijaulizwa.
Kule Otago, bwawa likiganda, watu hufagia barafu
mbele ya jiwe linaloteleza, wakapewa medali.
Mimi mwaka wa sita nafagia sufu mbele ya miguu ya watu,
nikichelewa kidogo tu mtu anateleza kwa mafuta.
Labda ninachokosa ni jiwe.

Kondoo hana kisanduku kwenye fomu.

Kengele ikalia. Mwenye shamba akafunga daftari,
akaenda zake garini. Mashine zikanyamaza mojamoja.
Kizimbani walibaki wawili tu, wamekaa kama wageni
wasiojua karamu imekwisha.
Mzee Ewen Caskie, miaka sitini na minne,
kifua kikining'inia kwenye springi za dari,
akamtazama Huia.
Huia akamtazama Caskie.
Hakuna aliyesema neno. Hapakuwa na senti ndani yake.

Wakavuta kamba pamoja.

Sitaweza kuwaeleza ule mkato mrefu, toka nyonga hadi sikio,
sufu ikifunguka kama shuka linalokung'utwa,
mzee kauma ulimi, jasho linadondoka ncha ya pua,
na Huia anacheka, anacheka peke yake,
kicheko ambacho mchana kutwa, kondoo baada ya kondoo,
sikukisikia.
Na Dunnet, fomu imemwangukia kwenye samadi,
anaruka na buti zake mpya: "Mzee! Mzee! Mguu wa nyuma!"
kana kwamba alizaliwa bandani.

Nani alishinda? Caskie anasema ni yeye.
Huia anasema ni kondoo, waliotoka wepesi.
Dunnet aliokota karatasi, akaifuta kwa mkono wa koti,
akauliza polepole kama wangeweza kurudia
ili safari hii ahesabu dakika.
"Hatuwezi," Huia akasema. "Wamekwisha."

Nikafagia sufu ya wale wawili,
ambayo haikuwa kwenye daftari la mtu.