Zamu ya Bani

Tulitoka Isevya Jumatatu, lori la mkaa limefagiliwa,
spika mbili, jenereta la kuazima, magunia ya sembe,
na mimi, Kalunde, niliyeandikwa mwisho kabisa wa orodha:
mpishi.

Baada ya Sikonge barabara ikageuka uji.
Mwinjilisti Shilinde alivua viatu, akavikumbatia kama vifaranga,
akasukuma pamoja na wanakwaya, huku akilikemea tope
kwa jina la Yesu.
Tope halikukemeka. Tulivutwa na ng'ombe sita
wa mtu asiyesali popote,
aliyekataa soda yetu, akaomba kiberiti.

Kijijini tulilala katika darasa la pili,
chini ya jedwali la kuzidisha.
Saa kumi alfajiri nawasha moto mafigani,
kuni mbichi, macho yanalia bila toba.
Uji, kisha maharage, kisha maharage.
Siku ya tatu akina mama wakaniletea matobolwa katika ungo.
"Mwangaluka," wakasema, nami nikajibu
kwa Kinyamwezi cha bibi yangu, chenye kutu,
wakacheka mpaka wakakaa chini.
Hilo sikuliandika popote kama huduma.

Jioni, mkutano. Spika zinakohoa, kisha sauti inapanda.
Watoto mbele, wanaume pembeni na baiskeli zao,
tayari kuondoka, hawaondoki.
Mwanamke mmoja kila siku alipita nyuma ya umati
na mzigo wa kuni, hageuki.
Nikamfuata. Anaitwa Mgalula.

"Nina tumbaku ndani ya bani, leo siku ya nne.
Moto ukilala, jani linaharibika, daraja linashuka,
na mbolea ya chama nimekopa.
Mume yuko Mpanda.
Yesu wenu aningoje mpaka Jumamosi."

Nikafuta mikono kwenye kanga.
"Nifundishe moto," nikamwambia.
Akanitazama viganja kwanza.
Halafu akanionyesha: gogo moja nene, mawili membamba,
sikiliza ukuta;
ukinyamaza, ongeza,
ukinguruma, vuta nyuma.
Akajitanda, akaenda.

Nikabaki na giza na joto,
na majani yakigeuka dhahabu nisiyoiona.
Mahubiri yalinifikia vipande vipande, upepo unayatafuna:
"...ndugu zangu... mzigo... leo hii... usi..."
Kila neno lililokatika nikalimalizia mwenyewe, kwa gogo.
Sijui kama nilihubiri vizuri.
Ukuta ulinguruma.

Saa sita usiku alirudi, alama za mkeka shavuni.
Nikamuuliza, moyo juu: "Umesikia nini?"
"Nimelala," akasema. "Tangu wimbo wa kwanza.
Siku nne sijafumba jicho.
Yule mtu wenu ana sauti nzuri ya kulalia."
Akainama, akausikiliza ukuta, akachomoa gogo moja.
"Umeunguza kidogo. Si neno."

Asubuhi Shilinde alininusa penye sufuria.
"Dada Kalunde, umevuta?"
Nikasema nimevutwa.
Hakucheka.

Jumapili iliyofuata ripoti ikasomwa kanisani:
vijiji vitatu, waliookoka kumi na saba,
jenereta limepata hitilafu, shukrani kwa wote,
na wapishi pia.
Nilikaa benchi la nyuma,
nywele zikinuka moshi ambao sabuni mbili hazikuutoa,
nikahesabu upya kwa vidole, chini ya kitabu cha nyimbo:
kumi na saba,
na mwenye ng'ombe, kama kiberiti kinahesabika,
na mmoja aliyepata usingizi.