Kipande cha Ubao kwenye Bakuli

Salha kaleta pesa kutoka Maskati
na ujumbe wa sauti, dakika saba:
"Mama, safari hii usimkopeshe mtu,
usichangie harusi ya mtu.
Jenga jiko. La makabati, mpaka dari,
kama la huyu ninayempikia."

Nikausikiliza mara mbili.
Ya pili ni kwa ajili ya pumzi
aliyoivuta kabla ya kusema "huyu".

Nikaanzia Machomane, dukani, penye vioo na kiyoyozi.
Kijana Mundhir, manukato yake yanakulaki mlangoni,
akanifungulia droo inayojifunga yenyewe,
taratibu, kama mwari anayerudi ndani.
"Haina kishindo, Bi Mize."
Nikaifungua mara nne. Sikatai, niliipenda.
Bei hakuitamka. Aliibonyeza kwenye kikokotoo
akanigeuzia, na macho akayapeleka kwengine.
Miaka thelathini na moja ya wodini,
najua mtu anayeyaogopa majibu yake mwenyewe.
Nikamuomba kipande cha ubao, cha mfano tu.
Cheupe, kinateleza, ukubwa wa juzuu.

Halafu Mbarouk, mtoto wa ami yangu.
Bei yake: "Sisi ndugu, tutajuana."
Tutajuana!
Kitanda alichomtengenezea Salha
kilimkuta keshaolewa, keshaachwa,
na hadi leo kinalia ukijigeuza.
Alikuja bila futi, akapima kwa shubiri,
akanywa chai vikombe viwili
akaomba arubuni ya mafuta ya pikipiki.

Yuko na mwengine, Unguja, uso simjui.
Kila baada ya isha ananirushia picha:
majiko ya watu wasiopika,
ndimu tatu kwenye sahani, masizi hakuna.
"Vipimo nitumie wewe, mama. Jumamosi mzigo unapanda boti."
Nikamuuliza: na ukuta ukiwa na tumbo?
Akanijibu kwa kidole gumba.

Usiku ule kipande cha Mundhir nilikitia kwenye bakuli la maji,
nikakifunika kawa, nikalala.
Alfajiri nafunua: kimeumuka.
Wallahi kimeumuka kama mkate wa kumimina,
ngozi imebanduka pembeni,
na ndani yake unga.

Fundi Shaame sikumtafuta.
Alikuja kwa jirani, mlango ulikuwa haufungiki,
nikamwita atie jicho tu.
Akaegemeza pimamaji ukutani;
povu likakimbilia kushoto, likagoma kurudi.
Akakwaruza rangi kwa ukucha, akaonja.
"Chumvi. Ukuta wako unatoka jasho, bibi.
Walichanganya mchanga wa pwani.
Sikutundikii kitu hapa mpaka tubandue lipu, ukauke.
Mwezi. Labda miwili. Pesa yako ikae."

Kisha akaniambia nikalie mbuzi.
"Nini?"
"Kaa, kama unakuna nazi."
Nikakaa, na umri wangu huu, mbele ya mtu baki.
Akapima kutoka sakafuni hadi kiwiko changu,
akaandika kwa penseli kwenye ubao wa mlango: 44.
"Hapa chini tutaacha wazi. Mbuzi italala humu."
Ubao gani?
"Mfenesi, tukipata mkavu."
Na droo, zitajifunga zenyewe?
"Utazifunga wewe."

Sasa ni wiki ya tano. Ukuta uko uchi,
napikia uani, moshi unanifuata nikihama.
Mundhir kapiga simu, kashusha bei.
Mbarouk kanuna, harusini hakunipa mkono.
Na mie, kusema kweli, kuna siku naikumbuka ile droo.

Salha nilimrushia picha ya ukuta.
Nikategemea atagomba.
Akakaa kimya siku mbili, halafu sauti, fupi safari hii,
nyuma yake sahani za watu zinagongana:
"Mwambie na mie anipime, mama. Mie mrefu kuliko wewe."

Nikaenda kuutazama mlango.
Juu ya 44 pana nafasi.