Robo Tani

Inakaa ndani ya kreti la mbao lililokuwa la soda,
imefunikwa gunia, imepakwa grisi,
winchi yangu ya mkono, kilo tisa na nusu.
Ubavuni mwake kiwanda kimeandika: mwisho robo tani.
Sijawahi kuibishia.

Nimeibeba begani kutoka Biafra hadi Mwembe Yanga,
Tanganyika Packers usiku wa mkesha,
Leaders siku ya tamasha. Haichagui.
Jumapili imepandisha msalaba wa taa,
Jumatatu ikapandisha bango la bia,
ndoano ni ileile, jasho ni lilelile.

Navuta pima mbili, mzigo unapanda kiganja.
Kete-kete-kete, yanasema meno yake,
na kila kete ni ahadi kwamba mzigo haurudi.
Kondo, aliyenifundisha, hana ncha ya kidole cha shahada.
Alikinyoosha hichohicho kutuonya:
"Chini ya mzigo hakuna cha mjomba.
Chini ya mzigo usiweke hata kivuli chako."

Mama alianguka masika, mtaro wa Tandale umefurika.
Upande wa kushoto ukalala wote,
mguu, mkono, nusu ya mdomo.
Tukawa tunambeba watatu,
mimi, Siwatu, na jirani anayeuza chapati.
Kila tukimwinua analia bila sauti,
makwapa yamechubuka,
alama za vidole vyetu hazitoki.
Nusu ya mtu ni nzito kuliko mtu kamili.
Hilo hakuna kiwanda kinacholiandika ubavuni.

Nikaangalia paa. Boriti zimeliwa na mchwa. Hapana.
Nikaomba kwa bosi vipande vinne vya nguzo za jukwaa,
nikasema navipeleka kupakwa rangi.
Kimoja kweli nimekipaka.

Siwatu mlangoni, mikono kiunoni:
"Mama si spika."
Sikumjibu. Nilikuwa nahesabu.
Mikanda laini miwili, kanga tatu zilizokunjwa,
shakeli nne: nikakaza, nikalegeza robo mzunguko,
nikakaza tena. Cheni ya akiba, kama kawaida.
Kwanza nikajivuta mwenyewe.
Nikaning'inia juu ya kitanda cha mama yangu
kama bango la mgombea aliyeshindwa,
naye akanitazama kwa jicho la kulia,
na ile nusu ya mdomo ikacheka.

Kisha zamu yake.
Kete.
Kete.
Sijawahi kuvuta taratibu vile,
hata kwa lile dubwasha la vioo la disko.
Mgongo ukaachana na godoro,
shuka likang'ang'ania kidogo, likaachia.
Kilo arobaini na tatu.
Winchi haikujua hata kama imeshika kitu.

Siwatu akaingia chini na beseni, sabuni, kitambaa,
akaosha mgongo ambao hatukuuona tangu mvua zianze,
chini ya mzigo, kichwa chake kabisa,
na mimi nimeshika cheni, nimesahau sheria zote za Kondo
isipokuwa ya kutoachia.

"Mmenipandisha," mama akasema, maneno yakiteleza,
"mbona hakuna wa kupiga makofi?"
Siwatu akapiga. Mikono ina povu.

Alhamisi inatakiwa Temeke.
Kuna msanii anataka kushuka kutoka juu,
ameketi kwenye kiti cha maua.
Nimeshapanga: naifungua saa kumi, tukishamwogesha,
naifunga tena kabla ya adhana ya alfajiri.
Grisi nimeifuta yote, nikapaka mafuta ya nazi.
Fundi yeyote angenicheka.
Lakini alisema cheni inanuka gereji.