Kuvunjika Chini

Saa nane za usiku, yadi ya mabasi, mji wa Hull.
Nanuli anapiga deki basi namba tano
huku anapiga hesabu ya maneno.
Daftari limo mfukoni mwa aproni,
pembe zimelowa, linanuka sabuni ya ndimu.

Wiki hii ni kitenzi kimoja tu: kuvunja.
Mwalimu wa Jumanne, Bwana Pickersgill,
aliandika ubaoni kwa kalamu ya kijani inayokata wino:
kuvunja ndani, huyo ni mwizi;
kuvunja nje, huyo ni mfungwa, na wakati mwingine vipele;
kuvunja sawasawa, duka lisilopata wala kukosa;
kuvunjika chini, gari.
Na kuvunjika juu?
Mlinzi alikuwa mlangoni anachezesha funguo.
Darasa likaisha.

Basi hiyo juu akaitafuta peke yake,
kati ya siti na siti, akifuata kitambaa.
Kwa Waingereza jua huja juu,
mtoto hukua juu,
na mwenye huzuni huambiwa achangamke juu.
Kuvunjika juu, kwa vyovyote, ni jambo la heri:
yai limepasuka, kifaranga kimetoka.

Usimcheke.
Sisi tunavunja ungo na hakuna ungo uliopasuka,
tunavunja jungu Shaabani ikiyoyoma
na sufuria zote ni nzima kabatini,
tunavunjana mbavu na hospitali haina habari.
Mgeni akiuliza kwa nini, tunamjibu:
ndivyo tusemavyo.
Pickersgill naye alijibu hivyo hivyo.

Saa kumi na nusu akapanda Lorraine, msimamizi wa zamu,
chupa ya chai kwapani, koti halijafungwa vifungo.
"Mimi na Clive," akasema, "tumevunjika juu."

"Hongera!" akasema Nanuli,
kwa sauti ya arusini.

Bomba la nje likadondosha tone, likadondosha jingine.
Lorraine akakaa kwenye siti ya wazee,
ile ya mbele yenye kitambaa cha buluu.
"Miaka thelathini na mmoja," akasema.
"Jana nilivunjika chini. Jikoni. Na sahani mkononi."

Ah, hilo Nanuli analijua!
Hilo lipo ukurasa wa kwanza, limepigiwa mstari.
Akaegemeza fagio, akauliza kwa huruma ya kweli:
"Gari la kuvuta lilikuja?"

Kwanza ilikuwa kwikwi.
Kisha mabega.
Kisha kitu ambacho dereva mmoja, akipita nje,
alidhani ni kicheko, akapunga mkono.
"Limekuja," Lorraine akasema, anajifuta kwa kiganja.
"Sasa hivi. Limekuja na ndoo."

Nanuli hakuelewa yote.
Alielewa vya kutosha kuketi.
Akasema neno la kwao, *genatsvale*,
ambalo mama yake, kule Kutaisi,
alilisema kila goti lilipochubuka.
"Maana yake nini?"
Akapekua daftari: ndani, nje, juu, chini,
mbali, nyuma, kupitia.
Hakuna kimojawapo kilichotosha.
"Ni... wewe kuumwa, hapana.
Mimi kuumwa. Wewe kunywa chai."

Lorraine akamimina vifuniko viwili.
Akalijaribu lile neno, likamkwama kwenye meno,
akalijaribu tena, likatoka limepinda,
na Nanuli akasema, sawa, sawa, ndivyo,
kama wanavyomwambia yeye kila siku.

Kabla ya kuvua aproni alifungua ukurasa wa kwanza.
Mbele ya *gari* akaongeza kwa penseli: *na mtu*.
Kifaranga akakifuta.

Namba tano ikaondoka saa kumi na moja na dakika arobaini,
siti moja bado imelowa.